Kurasa za Lazima katika Tovuti: Funzo la Historia

Mwaka 1991, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, alifungua kwa umma tovuti ya kwanza duniani. Haikuwa na picha. Hata hivyo, ilieleza mradi ni nini, wahusika ni nani, historia yake, msaada kwa mgeni na namna ya kuchangia. Hadi leo kurasa hizo ni mhimili wa tovuti.

Kiswahili hakikuchelewa. Mwaka 1994 mradi wa Kamusi ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wikipedia ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Yote miwili ilitegemea watu wa kujitolea, hivyo ukurasa wa kuchangia ulikuwa roho yake.

Sisi hapa Rusizi, zamani Cyangugu, tunapakana na Bukavu, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Lakini tulipopanga tovuti yetu, tulianza na picha za viongozi, Kiswahili tukakiacha kitafsiriwe baadaye. Tulikosea. Mwanafunzi anayevuka daraja huuliza: ninyi ni nani, mnafundisha nini, walimu ni akina nani, nitawapataje? Hatuna budi kumjibu kwanza, tena kwa Kiswahili. Idara ya Kiswahili isiyojieleza kwa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wake kwamba lugha hii ni ya mtihani tu.