Jinsi ya kuchagua chombo cha muziki kwa hazina kubwa ya nyimbo

Mtu mwenye nyimbo mia mbili hahitaji kuumiza kichwa: karibu chombo chochote cha dijitali kitamtosha. Lakini mwenye nyimbo elfu ishirini, zilizohamishwa kidogo kidogo kutoka santuri, kanda na CD kwa miaka thelathini, ana jambo zito mikononi. Akichagua vibaya anaweza kupoteza kitu ambacho hakiuzwi tena popote.

Mjini Johannesburg watu wa namna hiyo si haba. Katika vitongoji kama Yeoville, Berea na Hillbrow wanaishi wahamiaji na wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na kwingineko, na Kiswahili husikika sokoni na kwenye vinyozi. Mtu aliyeondoka nchini mwake kwa ghafla hachagui sana cha kubeba. Aghalabu muziki ni miongoni mwa vitu vichache vilivyoingia katika mfuko wa koti.

Makala hii inaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini isiwe simu tu?

Tangu Spotify ilipoingia Afrika Kusini mwaka 2018, na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2021, wengi wameona kwamba kumiliki mafaili ya muziki kumepitwa na wakati. Duka la Musica, lililokuwa na matawi katika maduka makubwa ya Afrika Kusini, lilifunga milango yake mwaka 2021.

Hata hivyo kuna hoja mbili za kupinga. Ya kwanza ni gharama. Muziki wa kiwango cha juu cha mtandaoni hula takriban megabaiti 144 kwa saa moja. Anayesikiliza saa mbili kila siku atatumia zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini, katika ripoti yake ya Desemba 2019, ilisema bei za data nchini humo zilikuwa juu mno na ikayataka makampuni makubwa ya simu yazipunguze.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Nyimbo nyingi za bendi za dansi zilizorekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam hazikupata kutolewa kwenye santuri wala CD. Zilisikika hewani, wasikilizaji wakazinasa kwenye kanda. Wimbo ambao haujawahi kuuzwa hauwezi kutarajiwa katika orodha ya kampuni ya ng'ambo. Na ule uliomo leo waweza kuondolewa kesho mkataba ukimalizika.

Simu yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu yaweza kufanya kazi hiyo. Lakini simu nyingi za bei ya juu hazina tena nafasi hiyo, na tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 tundu la hedifoni limekuwa likitoweka pia.

Hesabu ya ujazo

Apple ilipotangaza iPod ya kwanza, tarehe 23 Oktoba 2001, ilisema chombo hicho chenye gigabaiti 5 kingebeba nyimbo 1,000. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba wimbo mmoja ni wa dakika nne.

Mpenzi wa taarabu au rumba ataiona kasoro mara moja. Wimbo wa taarabu wa dakika kumi na mbili ni wa kawaida kabisa, na rumba ikishaingia kwenye sebene haina haraka ya kumalizika. Kwa nyimbo za urefu huo, iPod ile ile ingebeba zisizofika 350. Kwa hiyo usihesabu nyimbo, hesabu dakika.

Kwa MP3 ya kiwango cha kilobiti 128, dakika moja huchukua takriban megabaiti 1. Kwa kilobiti 320 huchukua megabaiti 2.4. Muziki wa CD usiobanwa huchukua megabaiti 10 hivi. Muundo wa FLAC, ambao hubana bila kupoteza chochote, huchukua kati ya megabaiti 5 na 7.

Tuseme una CD 1,000 za saa moja moja. Kwa kiwango cha kwanza utahitaji gigabaiti 60, kwa cha pili 145, na kwa FLAC kati ya 300 na 420. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya yatakayokuja, kwani hazina ya muziki haipungui.

Muundo gani wa mafaili?

MP3 husomwa na karibu kila chombo duniani, na haki zake za uvumbuzi zilikwisha muda mwaka 2017. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi.

FLAC, iliyotolewa mwaka 2001 na iliyo huru kwa kila mtu, hurudisha sauti yote ilivyokuwa. Kwa kanda iliyochakaa, ambayo huenda isichezeke tena mara ya pili, nakala ya kwanza ifanywe kwa FLAC. Kutoka hapo unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, ilhali kutengeneza FLAC kutoka MP3 hakurudishi kilichopotea.

Angalia vilevile kama chombo kinaweza kuunganisha mafaili mawili bila ukimya katikati. Nyimbo nyingi za Kikongo na za Afrika Mashariki zilikatwa vipande viwili ili zienee pande mbili za santuri ndogo. Chombo kisicho na uwezo huo kitaikata sebene pale pale ilipokatwa miaka hamsini iliyopita.

Aina za vyombo

Kuna vyombo vyenye diski ngumu inayozunguka ndani. Maarufu zaidi ni iPod classic ya gigabaiti 160, iliyoondolewa sokoni mwaka 2014. Apple ilisitisha iPod zote mwaka 2022, hivyo inayouzwa sasa kwa kawaida ni ya mitumba au ya akiba ya zamani. Mafundi hubadilisha betri na kuweka kadi mahali pa diski. Programu huru ya Rockbox huwezesha matoleo kadhaa ya iPod kucheza FLAC. Diski ya zamani isiyobadilishwa ni hatari: ina sehemu zinazotembea, na haipendi kuangushwa.

Kundi la pili ni la vyombo vipya vyenye nafasi ya kadi, kama vile vya Sony, FiiO na Astell&Kern. Hivi ndivyo vinavyomfaa zaidi mwenye hazina kubwa. Kadi za terabaiti 1 zimekuwa zikiuzwa tangu mwaka 2019, na chombo kikifa, kadi huhamia kwa kingine.

Kabla ya kununua, uliza maswali matatu. Kinapokea kadi ya ujazo gani wa juu? Kinasoma mpangilio wa exFAT, unaotumiwa na kadi zinazozidi gigabaiti 32? Na je, kina kikomo cha idadi ya nyimbo? Baadhi ya vyombo vya bei nafuu huacha kuorodhesha nyimbo zikizidi elfu kadhaa, hata kama nafasi bado ipo.

Jihadhari na kadi bandia. Kadi huandikwa terabaiti 1 juu, ndani ikawa na gigabaiti 32 tu. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, kisha huyafuta ya awali kimyakimya. Programu za bure za H2testw na F3 huijaza kadi na kuisoma upya ili kuthibitisha ujazo wake. Ipime kabla ya kuiamini.

Majina na mpangilio

Nyimbo elfu ishirini zisizo na majina sahihi ni sawa na maktaba isiyo na rafu. Chombo hupanga kwa kufuata maandishi yaliyomo ndani ya faili, si kwa busara. Ukiandika "Orchestra" mwanzoni mwa kila bendi, zote zitarundikana chini ya herufi O. Mbaraka Mwinshehe atajikuta mahali pawili, Morogoro Jazz na Super Volcano, usipoamua mapema kama unapanga kwa mwimbaji au kwa bendi. Chagua kanuni moja na uifuate.

Nakala, umeme na usalama

Mgawo wa umeme ulioisumbua Afrika Kusini tangu 2007, na ambao ulikuwa mkali kupita kiasi mwaka 2023, uliwafundisha wengi thamani ya betri. Umeme ukikatika wakati mafaili yanahamishwa, diski yaweza kuharibika. Hamisha kwa kutumia kompyuta ya mkononi yenye chaji.

Chombo cha mkononi huibwa, hudondoka, husahauliwa kwenye teksi. Kwa hiyo kisiwe kamwe makao pekee ya hazina. Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje nyumbani, na ya tatu katika nyumba nyingine, ikiwezekana katika mji mwingine.

Johannesburg yenyewe ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Roodepoort, magharibi mwa Johannesburg. Mwaka mmoja baada ya kifo chake cha 1977, maktaba ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji ambao sasa unaitwa Makhanda. Mwenda alifariki mwaka 1990, lakini gitaa lake bado linasikika. Sababu ni kwamba rekodi zile ziliandikwa majina, zikanakiliwa, na kila mara alikuwapo mtu wa kuzipokea.

Mwenye hazina binafsi hana budi kufanya vivyo hivyo kwa kiwango chake: anunue kadi iliyopimwa, ahifadhi kwa FLAC, aweke nakala tatu, na amwoneshe mtoto au rafiki mahali zilipo.