Mashua za Kitako Bapa: Ufundi, Bata na Sheria Kwenye Ghuba za Atlantiki

Bata wengi wa majira ya baridi hawapendi kilindi. Hushuka mahali ambapo maji yakikupwa huacha tope, nyasi na konokono, na hapo ndipo panapomtaabisha mwenye chombo kuliko pote. Mashua yenye mkuku mrefu hukwama kabla haijawakaribia. Ya kitako bapa hupita hata kwenye maji ya kifundo cha mguu, lakini upepo ukipambana na mkondo wa maji yanayotoka, mawimbi mafupi huinuka ghafla, yakakipiga kitako hicho kwa kishindo na kumwagika ndani. Mafundi wa karne ya 19 walilitafutia tatizo hilo majibu kwenye matope ya Hampshire nchini Uingereza, na kwenye ghuba za Barnegat na Chesapeake nchini Marekani. Majibu yao yalikuwa ya ustadi wa hali ya juu. Ustadi huo nao, ulipoungana na soko, uliwaweka bata hatarini. Ndiyo maana historia ya vyombo hivi haikamiliki bila historia ya sheria zilizoviwekea mipaka.

Punti ya Hampshire

Kanali Peter Hawker alijeruhiwa kwenye mapigano ya Talavera mwaka 1809, na baada ya hapo nguvu zake nyingi akazielekeza kwenye uwindaji. Kitabu chake cha maelekezo kwa wawindaji vijana kilitoka mara ya kwanza mwaka 1814. Alikuwa na nyumba ndogo Keyhaven, kando ya mlango wa bahari wa Solent, na kutoka hapo aliwasaka bata na bata bukini wakati wa baridi.

Chombo cha wawindaji wa aina yake kilikuwa punti: kirefu, chembamba, chenye kitako bapa na ubavu mfupi, kimepakwa rangi ya kijivu iliyofifia ili kisionekane kwenye mwanga wa alfajiri. Mwindaji hulala kifudifudi akakisukuma taratibu kwa upondo mfupi. Mbele yake hulazwa bunduki kubwa inayokaribia kuwa mzinga, imefungwa kwa kamba nene ili kishindo chake kipokewe na chombo, kwani hakuna bega la binadamu linaloweza kukistahimili. Bunduki yenyewe hugeuka kidogo sana. Kulenga ni kukielekeza chombo kizima.

Punti, hata hivyo, ilikuwa chombo cha maji matulivu. Ubavu ule mfupi uliomficha mwindaji ndio uliokaribisha mawimbi. Mwindaji mwenye busara aliisubiri asubuhi isiyo na upepo, na bahari ilipochafuka alibaki nchi kavu.

Jawabu la Barnegat

Barnegat Bay, kwenye pwani ya New Jersey, ni ghuba ndefu na nyembamba, yenye kina cha wastani kisichofika meta 2. Visiwa vya mchanga huitenga na Atlantiki, na maji hujaa na kukupwa kupitia milango michache. Upepo ukivuma kufuata urefu wa ghuba, maji hayo machache huchafuka upesi. Mwindaji wa huko akisubiri utulivu hupitwa na msimu.

Mnamo 1836, Hazelton Seaman, fundi wa mashua na mwindaji wa kijiji cha West Creek, alijijengea chombo kipya. Watu walikiita jeneza la shetani. Jina lililodumu ni snikiboksi. Kiligeuza wazo la punti kwa jambo moja kubwa: badala ya kuyazuia mawimbi kwa ubavu mrefu, kiliyaacha yapite juu. Sitaha ilifunika karibu chombo chote, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kuingia na kulala. Kitako hakikuwa bapa kabisa. Kilipinda kidogo kutoka omo hadi tezi, na sitaha nayo ikapinda kwa juu, mfano wa pawa mbili zilizofunikana. Kwa mpindo huo omo ilipanda juu ya wimbi fupi bila kulipiga, na wimbi lililokaidi liliteleza juu ya sitaha na kurudi baharini. Mbele ya mwindaji husimamishwa kipande cha turubai cha kukinga rasharasha.

Kwa kawaida chombo hicho kilikuwa na urefu wa meta 3.7 na upana wa meta 1.2 hivi. Kilikuwa na tanga dogo la kusafiria, na ubao wa kuteremshwa majini ili kisisukumwe pembeni na upepo. Vishikio vya makasia vililazwa vilipokuwa havitumiki, ili kitu chochote kisijitokeze juu ya sitaha. Mwindaji alifika kwenye kinamasi, akatandaza nyasi juu ya chombo, akalala ndani yake. Maji yalipoganda, alikiburuta juu ya barafu.

Ubora wake ulithibitishwa mbali na nyumbani. Nathaniel Bishop alianza safari Pittsburgh mwishoni mwa 1875, akashuka mito ya Ohio na Mississippi na kuambaa Ghuba ya Meksiko hadi Florida, peke yake ndani ya snikiboksi, safari ya maili 2,600. Kitabu chake, *Four Months in a Sneak-Box*, kilichapishwa mwaka 1879, na kimewahifadhia wasomaji wa baadaye habari za Seaman na uvumbuzi wake.

Chombo kilitawala hata ufundi wa jirani yake. Bata wa mbao wa kuwavutia bata hai walipangwa tezini, na chombo kidogo hakivumilii mzigo. Kwa hiyo wachongaji wa Barnegat, akiwamo Harry V. Shourds wa Tuckerton aliyefariki mwaka 1920, walichonga mwerezi mweupe vipande viwili, wakavitoboa ndani, wakaviunganisha. Bata wao wakawa wepesi, na leo ni miongoni mwa kazi zinazotafutwa sana na wakusanyaji wa sanaa za kienyeji za Marekani.

Sanduku la Chesapeake

Kwenye kichwa cha Chesapeake Bay, mbele ya mji wa Havre de Grace, maji machache ya mdomo wa mto Susquehanna yaliota selari-mwitu, nyasi ya majini iliyopendwa mno na bata aitwaye kanvasibeki. Nyama yake ilisifiwa kwenye hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York, na treni zikaufanya mji huo kuwa jirani wa meza hizo.

Hapo ufundi ulichukua njia nyingine. Wawindaji wa biashara walitumia sanduku la kuzama: kasha la mtu mmoja lililozungukwa na mabawa mapana ya mbao na turubai. Mabawa yaliyatuliza mawimbi, na bata wa chuma waliowekwa juu yake walilizamisha sanduku hadi kingo zake zikalingana na maji. Pembeni yake walielea mamia ya bata wa mbao. Mwindaji alilala chini ya usawa wa bahari, na ndege waliokuwa wakishuka hawakumwona. Sanduku halikuweza kusafiri lenyewe. Lilihitaji chombo kikubwa cha kulibeba na mashua ya kuokota ndege waliouawa, na gharama hiyo ililipwa kwa mauaji mengi.

Sheria inaingia majini

Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama na ndege waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, zilitia saini mkataba wa ndege wahamao, na sheria ya 1918 ya kuutekeleza ikalifunga soko la bata mwitu. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokausha mabwawa ya kutagia kaskazini, hatua ziliongezwa: mwaka 1934 wawindaji wa bata walitakiwa kununua stempu ya dola 1, ya kwanza ikiwa imechorwa na Jay "Ding" Darling, na mwaka 1935 masanduku ya kuzama yakapigwa marufuku. Uingereza haikuifuta punti. Iliiwekea bunduki yake kikomo cha kipenyo cha inchi 1.75.

Snikiboksi ilipona, nayo ilistahili. Ilibeba mtu mmoja aliyelazimika kuujua upepo, majira ya maji na nguvu zake mwenyewe. Sheria za Marekani bado humtaka mwindaji akunje tanga na chombo kiache kwenda ndipo apige risasi. Fedha za stempu nazo zimenunua makazi ya bata, na kwenye pwani ya Barnegat hifadhi ya Edwin B. Forsythe inalinda zaidi ya hekta 16,000, nyingi zikiwa vinamasi vya chumvi.

Makumbusho ya Tuckerton na Havre de Grace yanafanya kazi njema kwa kuwatunza bata wa mbao na vyombo vya wawindaji. Naamini urithi huo unapaswa kufundishwa kwa ukamilifu: mpindo wa kitako na mwaka 1918 katika somo moja. Kijana anayejifunza leo kupinda mwerezi anajifunza kazi yenye maana kwa sababu bata bado wanakuja, na wanakuja kwa sababu wazee wa pwani hizo, wengi wao wakiwa wawindaji, walikubali kuwekewa mipaka.