Uvutaji sigara na kiharusi

Uvutaji sigara ni mojawapo ya visababishi vikuu vya kiharusi, yaani ugonjwa wa ghafla unaotokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Watu wengi huiogopa sigara kwa sababu ya mapafu tu, lakini moshi hauishii huko: nikotini hufika ubongoni katika sekunde 10 hadi 20.

Jinsi mishipa inavyoharibika

Upande wa ndani wa kila ateri kuna utando wa tabaka moja la seli. Utando huo hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoulegeza mshipa upanuke na kuzuia damu isigande juu yake. Moshi huzijeruhi seli hizo na gesi hupungua. Mshipa hukakamaa, kisha kolesteroli hujipenyeza ukutani, hasa pale ateri kuu za shingo zinapogawanyika karibu na taya. Wakati huohuo chembe sahani za damu hunatana kwa urahisi zaidi. Bonge la damu likinyofoka shingoni husafirishwa hadi kwenye mshipa mwembamba wa ubongo na kuuziba.

Monoksidi ya kaboni iliyomo katika moshi hushikana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, huumia mapema.

Sigara pia hudhoofisha kuta za ateri zilizo chini ya ubongo. Mahali palipodhoofika hufura kama puto na huweza kupasuka. Mgonjwa hupatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata.

Utafiti

Huko Framingham, Marekani, watu 4,255 walifuatiliwa kwa miaka 26. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kwamba waliovuta zaidi ya sigara 40 kwa siku walikuwa na hatari mara mbili ya waliovuta chini ya 10. Walioacha, hatari yao ilishuka ndani ya miaka 2, na baada ya miaka 5 ililingana na ya wasiovuta.

Kupunguza tu hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulikuta kwamba sigara moja kwa siku hubeba zaidi ya theluthi moja ya hatari ya ziada ya kiharusi inayoletwa na sigara 20. Anayekaa chumba kimoja na mvutaji naye huvuta moshi uleule, na hatari yake ya kiharusi huongezeka.