Dawa za moyo kushindwa kufanya kazi na neva za moyo

Moyo kushindwa kufanya kazi, au kufeli kwa moyo, ni hali ambayo moyo hausukumi damu ya kutosheleza mwili. Dalili zake kuu ni kuishiwa pumzi, uchovu na miguu kujaa maji. Dawa nyingi zinazorefusha maisha ya mgonjwa haziongezi nguvu ya moyo papo hapo, bali hupunguza msukumo wa neva na homoni zinazouchosha.

Neva na mapigo ya kawaida

Moyo huanzisha mapigo yake wenyewe katika kifundo cha sino, kilicho kwenye chemba ya juu ya kulia. Ukiachwa bila neva, moyo wa kijana hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Neva ya vagasi huyashusha mapigo kwa kutoa asetilikolini. Neva za simpathetiki huyapandisha kwa kutoa noradrenalini. Vipokezi vya shinikizo vilivyo shingoni na kwenye upinde wa aota huarifu shina la ubongo upande upi uongezwe.

Moyo unaposhindwa

Moyo dhaifu hupunguza shinikizo la damu, na ubongo huitikia kama vile mtu anavuja damu: simpathetiki hupanda, vagasi hushuka. Figo nazo hutoa renini, inayoleta angiotensini II. Mishipa hubana, chumvi na maji hubaki mwilini. Kwa saa chache hali hii huokoa maisha. Ikiendelea kwa miezi, moyo hukosa muda wa kujaa damu, seli zake hufa na vipokezi vyake vya beta, vinavyopokea noradrenalini, hupungua. Mwaka 1984, Jay Cohn na wenzake nchini Marekani walionesha kwamba kadiri noradrenalini inavyozidi katika damu ya wagonjwa hawa, ndivyo hatari ya kifo inavyoongezeka.

Dawa na utendaji wake

Vizuia beta (bisoprololi, kavediloli, metoprololi) hukaa kwenye vipokezi na kuizuia noradrenalini isivifikie. Zamani vilikatazwa kwa wagonjwa hawa, ingawa Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo mazuri mwaka 1975. Majaribio mawili makubwa ya mwaka 1999, CIBIS-II na MERIT-HF, yalionesha vifo vikipungua kwa takriban theluthi moja. Dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole, mapafu yakiwa hayajajaa maji, na dawa haikatishwi ghafla.

Enalaprili, kaptoprili na losatani huzuia njia ya angiotensini II, ambayo pia huchochea ncha za neva kumwaga noradrenalini. Mbili za kwanza huweza kuleta kikohozi kikavu, na zote tatu ni hatari kwa mimba. Spironolaktoni huzuia homoni ya aldosteroni.

Digoksini huimarisha kazi ya vagasi na kupunguza kasi ya mapigo. Jaribio la wagonjwa 6,800 lililochapishwa mwaka 1997 lilionesha kuwa haipunguzi vifo, ila hupunguza kulazwa. Ikizidi kidogo huleta kichefuchefu, kuona rangi ya njano na mapigo yasiyo na mpangilio.

Furosemidi, inayojulikana zaidi kama Lasix au dawa ya kutoa maji, huleta nafuu haraka lakini huweza kuchochea renini. Anayeinywa peke yake huona miguu imenywea, ilhali msukumo wa neva ungali palepale.

Kombe na John Kirk

Jamaa wa digoksini walijulikana Afrika Mashariki zamani kama sumu ya mishale. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi (1858–1864) na baadaye konseli wa Uingereza Zanzibar, alitumia mswaki uliogusana na sumu ya mmea wa kombe, akagundua mapigo yake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na strofanthini iliyotokana nayo ikawa dawa ya moyo Ulaya.

Hali nchini Tanzania

Utafiti wa TaHeF, uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, ulihusisha wagonjwa 427 wenye wastani wa umri wa miaka 55. Shinikizo la juu la damu, yaani presha, lilikuwa chanzo kwa asilimia 45 yao. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 2015.

Kwa mkazi wa kata ya Kurui, wilayani Kisarawe, huduma ya kibingwa iko Dar es Salaam, lakini upandishaji wa dozi hudai vipimo vya mara kwa mara karibu na nyumbani: presha, uzito na mapigo. Mapigo huhesabiwa kwa vidole kwenye kifundo cha mkono, kwa saa, dakika nzima. Yakishuka chini ya 50, au mgonjwa akipata kizunguzungu, dozi hutazamwa upya na mtaalamu kabla ya kupandishwa.