Utambuzi wa matatizo ya kupumua usingizini kwa watoto wenye magonjwa ya neva na misuli

Utambuzi wa matatizo ya kupumua usingizini kwa watoto wenye magonjwa ya neva na misuli ni kazi ya kitabibu ya kugundua mapema kwamba mtoto mwenye misuli dhaifu hapati hewa ya kutosha anapolala. Kati ya magonjwa hayo ni distrofia ya misuli ya Duchenne, atrofia ya misuli ya uti wa mgongo, ugonjwa wa Pompe na miopathia mbalimbali za kuzaliwa nazo.

Mwanzoni mapafu ya watoto hao huwa mazima. Kinachopungua ni nguvu ya kuyapanua. Kwa hiyo shida huanza usiku, mara nyingi muda mrefu kabla ya kuonekana mchana. Mtoto anayepumua vizuri mbele ya daktari saa nne asubuhi anaweza kuwa hatarini saa kumi alfajiri.

Sababu

Mtu akilala, msukumo wa ubongo kwa misuli ya kupumua hupungua. Hupungua zaidi katika usingizi wa REM, yaani ule ambao macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa nyingi. Usingizi huo ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati wa REM karibu misuli yote ya mwili hulegea, ikiwemo ile ya katikati ya mbavu. Kazi ya kupumua hubaki kwa kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mtoto mwenye afya hatambui mabadiliko hayo. Mtoto ambaye kiwambo chake ni dhaifu hana msaidizi mwingine, hivyo pumzi zake huwa fupi na dioksidi ya kaboni (hewa ya ukaa) hubaki mwilini. Vipindi vya REM hurefuka kuelekea alfajiri, na ndiyo maana dalili nyingi huonekana mtoto anapoamka.

Kila ugonjwa una njia yake. Katika Duchenne, ambayo huwapata hasa wavulana, shida ya miaka ya kwanza mara nyingi ni kuziba kwa njia ya hewa kooni, hasa kama mtoto ameongezeka uzito kwa sababu ya dawa za steroidi. Upumuaji hafifu hufuata baadaye, kwa kawaida baada ya kuacha kutembea. Katika atrofia ya misuli ya uti wa mgongo, misuli ya mbavu hudhoofika kuliko kiwambo: mtoto akivuta pumzi, tumbo hupanda huku kifua kikizama, na kifua huweza kupata umbo la kengele. Kuna pia miopathia chache, kama zile za kolajeni ya aina ya VI, ambamo kiwambo huchoka wakati mtoto bado anatembea kwa miguu yake. Kwa hao, kusubiri hadi mtoto atumie kiti cha magurudumu ni kuchelewa.

Dalili

Wazazi huulizwa kuhusu kukoroma, jasho jingi usiku, ndoto za kutisha, kuamka mara kwa mara na kuomba kugeuzwa kitandani. Ombi hilo la mwisho hupuuzwa kwa urahisi, kwa sababu mtoto asiyeweza kujigeuza lazima aombe msaada. Likiongezeka ghafla linastahili kuchunguzwa. Asubuhi mtoto huweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chai au uji, au kuwa mgumu kuamka. Shuleni husinzia, hukasirika upesi au hushindwa kutulia. Kupungua uzito na kuugua kifua mara kwa mara ni ishara nyingine.

Hata hivyo dalili peke yake hazitoshi. Upungufu huingia polepole kiasi kwamba mtoto na familia huuzoea, na wengine hawalalamiki kabisa ingawa vipimo vyao ni vibaya. Mtoto asiyejiweza pia hakimbii wala hapandi ngazi, hivyo hakuna anayemwona akihema.

Vipimo vya mchana

Mtoto wa miaka mitano au sita na zaidi anaweza kupuliza spirometa, kifaa kinachopima kiasi cha hewa anachoweza kuingiza na kutoa. Kiasi hicho kikiwa chini ya asilimia 60 ya kile kinachotarajiwa, uwezekano wa shida za usiku huongezeka. Kikiwa chini ya asilimia 40, upumuaji hafifu wa usiku ni jambo la kutarajiwa. Kipimo hurudiwa mtoto akiwa amelala chali. Kikishuka sana kuliko alipokuwa ameketi, kiwambo hushukiwa. Katika damu, bikaboneti iliyopanda huonyesha kwamba figo zimekuwa zikisawazisha asidi inayoletwa na dioksidi ya kaboni ya usiku mwingi uliopita.

Polisomnografia

Kipimo kamili ni polisomnografia, inayofanyika usiku mzima katika maabara ya usingizi, mzazi akiwa karibu. Vihisi vidogo hubandikwa kichwani, kando ya macho, kidevuni na kifuani. Mikanda huzungushwa kifuani na tumboni, mrija mwembamba huwekwa puani, na kidole huvishwa oksimita. Kamera hurekodi usingizi wote.

Kwa mtu mzima, pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtoto, muda wa pumzi mbili unatosha, na hata tukio moja la kuziba kwa saa si la kawaida. Lakini kwa mtoto mwenye misuli dhaifu kuhesabu matukio kunaweza kupotosha. Anaweza kupumua juujuu saa nzima bila pumzi kukatika, na hesabu ikasomeka kuwa nzuri. Tena, juhudi zake zinaweza kuwa ndogo mno kiasi kwamba mikanda haizioni. Tukio hilo huandikwa kama ubongo umesahau kutoa amri, kumbe amri ilitolewa na msuli ukashindwa kuitii. Vilevile kifua kinachozama wakati tumbo linapanda hufanana na koo lililoziba. Msomaji wa rekodi asiyeujua ugonjwa wa mtoto anaweza kupendekeza kuondolewa kwa tonsili, wakati kinachohitajika ni mashine ya kusaidia kupumua.

Kwa sababu hiyo dioksidi ya kaboni lazima ipimwe usiku kucha, ama kwa hewa inayotoka puani ama kwa kihisi chenye joto kinachobandikwa kwenye ngozi. Kipimo cha puani husoma chini ya ukweli pumzi zikiwa fupi au mtoto akipumua kwa mdomo. Kwa kanuni zinazotumika Marekani, mtoto ana upumuaji hafifu ikiwa dioksidi ya kaboni imezidi milimita 50 za zebaki kwa zaidi ya robo ya muda wa usingizi.

Oksijeni na dioksidi ya kaboni

Tofauti ya gesi hizi mbili ilijulikana kwa gharama kubwa huko Copenhagen, Denmark, wakati wa mlipuko wa polio wa mwaka 1952. Wagonjwa waliopooza walipewa oksijeni, rangi yao ikapendeza, na bado walikufa. Bikaboneti nyingi katika damu yao ilidhaniwa kuwa ugonjwa mwingine, mpaka daktari wa usingizi wa upasuaji Bjørn Ibsen alipoonyesha kwamba ilitokana na dioksidi ya kaboni iliyokwama. Alipendekeza wapumulishwe kwa mkono kupitia tundu la koo. Wanafunzi wapatao 1,500 walifanya kazi hiyo kwa zamu, na vifo vilipungua sana.

Mtego huo upo hadi leo. Mtoto anayepewa oksijeni bila msaada wa kupumua anaweza kuonyesha asilimia 98 kwenye oksimita huku dioksidi ya kaboni ikipanda. Oksimita pia huelekea kusoma juu kidogo ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, hasa oksijeni inapokuwa imeshuka.

Pasipo na maabara

Mahali ambapo maabara ya usingizi haipatikani, madaktari hutumia oksimita inayohifadhi kumbukumbu ya usiku mzima nyumbani, pamoja na kipimo cha dioksidi ya kaboni kama kipo, au cha damu mara tu mtoto anapoamka. Oksijeni inayoshuka kwa vipindi, hasa kuelekea alfajiri, ni ushahidi wa kutosha kuendelea mbele. Rekodi nzuri, kinyume chake, haiondoi wasiwasi. Video ya simu iliyochukuliwa na mzazi, kifua na tumbo vikiwa wazi, humsaidia daktari kuona mwendo wa pumzi.

Kwa Duchenne, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unaruhusu kuanza mashine ya usiku hata bila kipimo cha usingizi, ikiwa kiasi cha hewa kimeshuka chini ya asilimia 50 ya kinachotarajiwa. Mashine hiyo husukuma hewa kupitia barakoa kwa shinikizo mbili, kubwa wakati wa kuvuta pumzi na dogo wakati wa kutoa. Baada ya kuanza, vipimo vya usiku hurudiwa ili shinikizo lirekebishwe kadiri mtoto anavyokua.