Shingo zilizopinda za Ituri

Desemba 2014, vijiji vya Ituri, nchini Kongo, vya mpakani na Uganda vilikuwa bado chini ya Jimbo la Mashariki, makao yake makuu Kisangani. Mgawanyo uliozaa jimbo la Ituri ulikuja mwaka uliofuata. Huko Ituri wagonjwa walianza kufikishwa hospitalini shingo zimepinda, wengi wao watoto.

Mtoto analetwa kichwa kimevutwa nyuma au kimeelekea begani, macho yametazama juu, ulimi umetoka nje, taya limekaza. Na akili zake ni timamu: ukimwita anasikia. Waganga waliogopa homa ya uti wa mgongo, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwani shingo kukakamaa ni dalili yake kubwa. Lakini vipimo havikuthibitisha ugonjwa huo, na wagonjwa wakazidi kuja, mwezi baada ya mwezi.

Jibu lilipatikana katika mkojo wa wagonjwa na ndani ya vidonge vya manjano walivyokuwa wamemeza. Vilikuwa vikiuzwa kama diazepamu, dawa ya kutuliza na ya degedege. Maabara ilikuta humo haloperidoli, miligramu 10 hadi 20 katika kila kidonge. Haloperidoli iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958 na Paul Janssen na wenzake, nayo ni dawa halali ya wagonjwa wa akili. Huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kusawazisha misuli. Kipimo kikizidi, misuli ya shingo na uso hujivuta yenyewe bila mtu kutaka. Kwa mwili wa mtoto, kidonge kimoja tu cha namna ile ni kingi mno.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: diazepamu ya kweli hulegeza misuli. Mzazi aliyeona mwanawe anakakamaa, akampa kidonge kingine, alikuwa anafanya jambo la busara kabisa, ila kidonge kilikuwa cha uongo. Naye angejuaje? Dawa ilifungashwa katika chupa za vidonge elfu moja, na dukani mtu hununua vichache vya kuhesabiwa, bila hata kuiona lebo.

Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote. Hadi Agosti, wagonjwa walikuwa wamepita 1,000. Wengi walipona dawa ile ilipowaishia mwilini, wengine walikufa.