Mpishano wa Matoleo, Si Hitilafu

Baadhi ya wanaotafsiri ujumbe wa zana za kukagua vifurushi vya programu wameng'ang'ania istilahi moja kwa matoleo ya programu yanayotofautiana: hitilafu ya matoleo. Ina sura ya kisomi na inapendeza kwenye orodha. Lakini inampotosha mtumiaji, na wanaoitetea kwenye vikao vya kamati za istilahi hawaonekani kuwahi kukaa na mwanafunzi aliyetokewa na ujumbe huo kwenye kioo cha kompyuta.

Hitilafu ni neno la Kiarabu, ikhtilafu, yaani kutofautiana. Mzizi wake, kh-l-f, ndio uliozaa khalifa, anayeshika nafasi ya aliyemtangulia, na ndio huohuo uliotupa halifu, mhalifu na uhalifu. Waheshimiwa wa kamati husimamia maana ile ya kwanza, ya wanazuoni kuhitilafiana. Nje ya ukumbi wao neno limeshahama. Umeme ukikatika Malindi kukasemwa kuna hitilafu ya mitambo, hakuna anayeelewa kwamba mitambo imetofautiana. Imeharibika.

Kiswahili kina neno lake: kupishana. Pita ilizaa pisha, pisha ikazaa pishana, na kwa njia ileile iliyotupa mkutano, mvutano na mgongano, jina lake ni mpishano. Ndugu huweza kupishana miaka 2. Magari yakikutana kwenye Daraja la Kilifi hupishana, kila moja likashika njia yake, na hakuna lililovunjika.

Lugha ya takwimu ya R inaonyesha uzito wa jambo hili. Katika matoleo ya 3.6, ukiunda jedwali lenye safu ya majina kama Malindi, Watamu na Mtwapa, R iliyageuza majina hayo kuwa makundi yenye namba za ndani. Toleo la 4.0.0, lililotoka Aprili 2020, likayaacha yabaki maandishi. Msimbo uleule, matokeo mawili. Kifurushi kilichotegemea desturi ya zamani kiliweza kufaulu ukaguzi huku na kuanguka kule.

Zana ya ukaguzi ya R hupanga matokeo yake kwa ngazi 3: kosa, onyo na dokezo. Neno hitilafu likizifunika zote, mwanafunzi huona tu kwamba kuna kilichoharibika, akaanza kufuta mistari isiyo na dosari.

Kuuepuka mpishano wenyewe si kazi ngumu: taja kwenye faili la maelezo toleo la chini linalohitajika, kisha kagua kifurushi katika toleo hilo na katika lililo jipya.

Kamati zilizoipitisha hitilafu ya matoleo ziirudishe mezani kabla orodha zao hazijachapwa tena. Hitilafu iachiwe kilichoharibika. Matoleo yakitofautiana, iandikwe kwamba yamepishana.